Sikio la Aliye Upande wa Pili

Barabara inayotoka Kolwezi, nchini Kongo, kwenda Likasi na Lubumbashi haipoi mchana wala usiku. Malori yamebeba mabamba ya shaba na magunia ya hidroksidi ya kobalti, yanaelekea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Madereva wengi ni Watanzania. Anayefikisha mzigo wake bandari ya Dar es Salaam hupita nchi tatu na zaidi ya kilomita 2,000, na njia nzima kazi yake imefungwa kwenye simu. Tajiri anauliza gari limefika wapi. Wakala wa forodha anataka namba ya hati. Mama watoto anataka kujua kama ada imetumwa. Injini inanguruma, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, na yule wakala wa Kolwezi anapaza sauti kwa mara ya tatu: “Alo? Rudilia, papa, sauti inakatika!”

Mtu wa namna hii akienda sokoni kununua hedifoni isiyo na waya, muuzaji humwekea wimbo. Besi inapiga, kichwa kinaitikia, fedha zinatolewa. Kesho yake barabarani malalamiko ni yale yale. Wala hakuuziwa kitu kibovu. Alikipima kifaa kwa sikio lake mwenyewe, ilhali shida ilikuwa kwenye sauti inayotoka kinywani mwake kwenda kwa mwenzake.

Hedifoni ya muziki humhudumia aliyeivaa. Hedifoni ya simu inanunuliwa kwa ajili ya sikio la mtu mwingine, ambaye siku ya kununua hayupo dukani. Anayelielewa hilo amekwisha kuvuka nusu ya safari ya kuchagua.

Sababu ya kwanza imo ndani ya Bluetooth yenyewe. Teknolojia hii ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Sweden, ambako mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alipewa kazi ya kuunganisha vifaa kwa mawimbi mafupi ya redio badala ya waya. Zilitengenezwa njia tofauti kwa kazi tofauti. Muziki hupita njia ya upande mmoja, kutoka kwenye simu kwenda masikioni, na njia hiyo ni pana. Mazungumzo hupita njia ya pande mbili, nayo ni nyembamba, kwa kuwa sauti inakwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Mara tu simu inapoita na maiki kuwashwa, kifaa huacha njia ya kwanza na kuhamia ya pili. Ndiyo maana wimbo uliokuwa ukilia vizuri hukatika, na sauti ya mpigaji huingia kana kwamba anaongea kutoka ndani ya mtungi. Kukijaribu kifaa cha simu kwa wimbo, basi, ni kupima kitu ambacho hakitatumika.

Njia hiyo ya mazungumzo ina daraja zake. Ile ya zamani huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde. Ile iliyokuja mwaka 2011 huchukua 16,000. Tofauti hii inasikika. Simu ya kawaida ya zamani hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na nguvu kubwa ya herufi kama “s” na “f” iko juu ya hapo. Dereva anasema gari “limefika”, upande wa pili wanasikia “limeshika”, na mtu anaanza kuuliza limeshika nini. Anayenunua leo na aulize kama kifaa kina sauti pana ya simu. Kwenye maboksi mengi huandikwa HD Voice. Mwaka 2020 kilitangazwa kizazi kipya zaidi kiitwacho LE Audio, ambacho hubana sauti kwa ustadi mkubwa, lakini ni lazima simu na hedifoni zote mbili ziwe nacho. Kulipia uwezo ambao simu iliyo mfukoni haiujui ni hasara. Tena hakuna hedifoni inayoushinda mtandao: mnara ukiwa mbali na simu ikashuka hadi 2G, sauti itakuwa nyembamba hata kama kifaa kimenunuliwa kwa dola 200.

Baada ya hapo linakuja jambo linaloamua kuliko yote, nalo ni umbali kati ya mdomo na maiki. Hapa fizikia haina huruma. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayofika kwenye maiki hupungua kwa desibeli 6 hivi, lakini kelele za injini na upepo hazipungui, kwa sababu zimetapakaa kila upande. Iafoni ndogo za kuchomeka, zile nyeupe zilizojaa kila meza ya soko, zina maiki iliyo pembeni mwa sikio, sentimita 10 au zaidi kutoka mdomoni. Hedifoni yenye kijiti kinachonyooka mbele ya shavu inaweka maiki sentimita 2 au 3 tu kutoka kwenye midomo. Tofauti hiyo peke yake ni kama desibeli 12 au zaidi, na hakuna programu ya dola chache inayoweza kuzirudisha zikishapotea.

Ndiyo sababu madereva wa malori wa Marekani, ambao nao wanaishi ndani ya ngurumo ya dizeli, hawakuzifuata iafoni ndogo. Wengi wao wanavaa hedifoni ya sikio moja yenye kijiti kirefu, sikio la pili likabaki wazi. Jina linalojulikana sana kwao ni BlueParrott, ambayo siku hizi ni mali ya kampuni ya GN ya Denmark, wenye Jabra. GN si wageni katika kazi ya kupeleka maneno mbali: ilianzishwa mwaka 1869 kama kampuni ya nyaya za telegrafu. Modeli yao ya B450-XT inatangazwa kudumu saa 24 za mazungumzo kwa chaji moja na kuzuia asilimia 96 ya kelele za nyuma. Hayo ni maneno ya mtengenezaji na yapokelewe hivyo. Lakini umbo lake halihitaji tangazo: maiki iko mdomoni, sikio moja liko huru. Asiyeweza kuipata hiyo atafute umbo lile lile kwa bei anayoiweza. Kijiti cha kampuni isiyo na jina mara nyingi kitasikika vizuri kuliko iafoni ya kampuni maarufu isiyo na kijiti, hasa pale soko linapochemka.

Kuna vifupisho viwili vya maboksi vinavyowachanganya watu wengi, na wauzaji hawasaidii. ANC ni uwezo wa kuzima kelele kwa aliyevaa. Maiki ndogo husikiliza ngurumo ya nje, kifaa hutengeneza wimbi la kinyume chake, na mawimbi hayo mawili hufutana. Mmarekani Amar Bose alianza kuifanyia kazi fikra hiyo mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, na kampuni yake ikaleta hedifoni ya marubani mwaka 1989. ENC ni kitu kingine. Huo ni uwezo wa kusafisha sauti inayotumwa, yaani unamhudumia yule wa upande wa pili. Mtu analipa dola nyingi kwa ajili ya ANC, anafurahia utulivu wake kando ya jenereta, huku mwenzake akisikia jenereta tupu. Tena hatari yake ni kwamba yeye mwenyewe haisikii tena ile kelele, kwa hiyo hajui kwamba anapaswa kusogea. Anayenunua kwa ajili ya simu na aulize kwanza habari za ENC na idadi ya maiki. Maiki mbili kila upande huweza kulinganisha sauti na kutambua inayotoka mdomoni. Maiki moja haiwezi.

Kwa mtu wa pikipiki adui ni upepo. Hewa inayopiga kwenye tundu la maiki hutoa mvumo unaozidi maneno yote, na hata kijiti bila sifongo hakifui dafu. Sifongo ile ndogo nyeusi inayoonekana kama pambo ndiyo kinga. Ikipotea, inunuliwe nyingine. Ila lililo bora kwa mwenye pikipiki ni kusimama pembeni ndipo aongee.

Jambo hili linastahili kusemwa kwa uzito, kwa kuwa watu wanaamini kwamba hedifoni imeondoa hatari ya simu barabarani. Haikuiondoa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, wakiongozwa na David Strayer, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 40 walioendesha kwenye mashine ya kuigiza barabara. Walioongea kwa simu walichelewa kushika breki, na hakukuwa na tofauti kati ya walioshika simu mkononi na walioongea bila kushika chochote. Mikono ilikuwa huru, akili haikuwa huru. Barabara ya Kolwezi hadi Likasi, yenye malori ya tani nyingi, mikokoteni ya mkaa na watoto wanaorudi shule, si mahali pa kubishana na matokeo hayo. Hedifoni inafaa kupokea simu na kusema “nitakupigia nikisimama”. Foleni ya Kasumbalesa, ambamo dereva huweza kukaa siku nzima, ndiyo ofisi yake ya kupigia simu.

Wanaotembea kwa miguu nao wana lao. Kuziba masikio yote mawili kwenye barabara za Manika au Dilala, mjini Kolwezi, ni kujinyima honi. Sikio moja linatosha kwa mazungumzo, na anayetaka masikio yote wazi anaweza kutafuta zile zinazokaa mbele ya sikio na kupitisha mtetemo kwenye mfupa wa shavu, ambazo kampuni ya Shokz imezieneza. Mahali pa kelele nyingi zitamshinda kuzisikia, lakini kwa mlinzi wa usiku au mwalimu anayetembea zinafaa.

Mkaguzi mkali wa hedifoni mjini Kolwezi angekuwa mama wa M-Pesa. Anakaa chini ya mwavuli, mbele yake simu mbili au tatu, moja ya Vodacom, nyingine ya Airtel, nyingine ya Orange, na kila moja inaweza kuita wakati anahesabu fedha za mteja. Maisha ya simu nyingi yana historia ndefu Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare ilipoleta simu za mkononi Kinshasa, kifaa kimoja kilikuwa cha waziri na tajiri mkubwa. Siku hizi laini mbili ni jambo la kawaida, kwa sababu mnara mmoja unashika pale mwingine unapozima, na kutuma fedha ndani ya mtandao mmoja ni nafuu kuliko kuvuka.

Kwa mama huyo neno la kuuliza ni kama hedifoni inaunganika na simu mbili kwa wakati mmoja. Hapa pana mtego. Muuzaji akisema “inakumbuka simu nane”, hajajibu swali. Kukumbuka ni kuzijua. Kuunganika ni kuziitikia zote mbili bila kugusa kitu. Jaribio lake ni jepesi: ziunganishwe simu zote mbili pale pale dukani, ya kwanza ipigiwe, ikatwe, kisha ya pili ipigiwe. Ikiita masikioni bila kwenda kwenye mipangilio, kifaa ni cha kweli.

Sauti ikikatika-katika hata pasipo kelele, mara nyingi kosa ni la mfuko. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na maji huyameza mawimbi hayo. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Simu ikiwa mfuko wa kushoto wa suruali na kifaa kikiwa sikio la kulia, mawimbi yana kazi ya kupita tumbo na kifua. Kuweka simu upande ule ule wa sikio lenye kifaa hutibu tatizo ambalo wengi hukisingizia kifaa. Na wanaoogopa mionzi karibu na ubongo wajue kwamba hedifoni ya kawaida hutoa milliwati 2.5 au chini yake, ilhali simu ya 2G inayotafuta mnara wa mbali huweza kufikia wati 2 kwa vipindi vifupi. Kuiondoa simu sikioni ni kupunguza, si kuongeza.

Kisha kuna vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba, mvua zikiwa zimekwisha, vumbi jekundu la mkoa wa Lualaba huingia kwenye chakula, kwenye mapafu na kwenye matundu ya maiki. Maiki iliyozibwa na vumbi haifi. Inafifia pole pole, na mwenyewe hajui mpaka aambiwe. Boksi la kifaa huwa na herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Tarakimu 5 mahali pa kwanza maana yake vumbi haliingii kiasi cha kudhuru. 6 haliingii kabisa. Lakini hedifoni nyingi huandikwa IPX4, na mnunuzi anaona herufi na tarakimu anaridhika. Ile X inasema kwamba kwa upande wa vumbi kifaa hakikupimwa. Kwa Mombasa yenye jasho na mvua huenda ikatosha. Kwa Kolwezi, IP54 ina thamani kuliko IPX7, na hili ni jambo ambalo orodha za vifaa bora zinazoandikwa Ulaya haziliwazi.

Na umeme? Maji ya mto Lualaba yanazungusha mitambo ya Nzilo, bwawa lililojengwa miaka ya 1950 enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière, lenye uwezo wa megawati 108, na mitambo ya Nseke yenye megawati 248. Mitambo hiyo ilijengwa kwa ajili ya migodi. Nyumba nyingi za jirani bado zinasubiri zamu ya shirika la umeme, SNEL, na hilo ni jambo la kuumiza. Kwa hiyo saa za mazungumzo si pambo la boksi. Mnunuzi asome vizuri: “saa 30” mara nyingi ni za muziki, tena kwa kujumlisha chaji zote za kiboksi chake. Kuongea hula betri upesi zaidi, kwa kuwa maiki na programu ya kusafisha kelele vinafanya kazi pamoja. Iafoni yenye betri ya milliampea-saa 40 huongea saa tatu au nne. Ile ya kijiti, kwa kuwa ni kubwa, hubeba betri ya kumaliza zamu nzima. Na ichajiwe kwa tundu la USB-C, lile lile la simu, ili usiku wa kugombania chaji waya mmoja uwatoshe wote.

Ndani ya betri hiyo kuna kitu cha nyumbani. Mwaka 1980, kule Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithi na kobalti inaweza kuhifadhi umeme mwingi katika nafasi ndogo. Mwaka 1991 Sony ikaiuza betri ya kwanza ya aina hiyo. Magari ya umeme siku hizi yana betri nyingi zisizo na kobalti, lakini kifaa kinachokaa ndani ya tundu la sikio hakina nafasi ya kupoteza, kwa hiyo oksidi ile bado inatumika. Asilimia 60 ya uzito wake ni kobalti. Betri ya milliampea-saa 40 inahitaji oksidi kama robo ya gramu, na ndani yake kobalti haifiki gramu 0.2. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake hapa Lualaba: Kamoto, Mutanda, Tenke Fungurume, na mashimo ya wachimbaji wadogo ambao mawe yao hupimwa kwenye maghala ya Musompo, nje kidogo ya mji. Mtaani Kasulo, mwaka 2014, mkazi mmoja alichimba shimo kwenye kiwanja chake akakutana na madini, na baada ya muda si mrefu watu wakawa wanachimba chini ya vyumba vyao vya kulala. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 iliandika habari za watoto na mahandaki yaliyokuwa yakiporomoka. Kinachosafirishwa na yule dereva wa lori kinakwenda China kusafishwa, na mwisho kinarudi Kolwezi ndani ya kiboksi cheupe kinachouzwa kwa dola chache.

Kiboksi hicho kikitupwa baada ya mwaka mmoja, haki ya mkono uliochimba inatupwa nacho. Betri ndogo za lithi huanza kuchoka baada ya chaji 300 hadi 500, haraka zaidi zikiachwa juu ya dashibodi kwenye jua, na iafoni nyingi zimegundishwa kwa gundi kiasi kwamba hata fundi hodari hazifungui bila kuzivunja. Si lazima iwe hivyo. Fairphone ya Uholanzi, iliyoingia mwaka 2020 katika umoja wa Fair Cobalt Alliance, ambao kazi yake ilifika hadi mgodi wa Kamilombe hapa Kolwezi, ilitoa mwaka 2024 iafoni ziitwazo Fairbuds ambazo mtu anabadilisha betri mwenyewe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vinavyobebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji, isipokuwa kwa vifaa vichache. Viwanda vinavyouza Ulaya vitalazimika kubadili maumbo, na maumbo hayo yatafika na huku. Anayenunua sasa kwenye soko la Kolwezi anaweza kuanza kumuuliza muuzaji kama kifaa kinafunguka kwa skrubu au kimegundishwa, kisha, kabla ya kulipa, ampigie simu mtu wake akiwa palepale sokoni, jenereta likiwaka, amtajie namba kumi za tarakimu mchanganyiko, na amwombe azirudilie.